Njia Zote Ulizosema Zimefungwa

Landless, Thika
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Athmani,

Assalamu alaikum. Nakuombea uwe mzima, na mkeo Khadija awe mzima, na kikohozi cha mtoto kiwe kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baridi ya Thika imepungua kidogo, na kiwandani bado niko palepale stoo, kwa hiyo riziki ipo. Mama ndiye mzima kutushinda sote. Tangu daktari amwondoe mtoto wa jicho la pili, hakuna kinachompita. Jana alikaa mlangoni akanisomea maandishi ya pakiti ya unga iliyokuwa mezani, kisha akaniuliza tangu lini nyumba yangu ina vumbi kiasi hiki. Uzi anatia kwenye sindano mwenyewe. Nakueleza haya mapema kwa sababu nadhani hujui anaona vizuri kiasi gani, na huko mbele itakufaa kujua.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Simu nimechoka nayo. Kila nikikuuliza jambo, mtandao unakatika, na hukatika palepale penye swali. Karatasi haikatiki.

Swali langu lilikuwa moja tu: Mama atarudi lini nyumbani kwake Shela? Alikuja huku kwa ajili ya macho. Alikuachia ufunguo wa nyumba, akakwambia ufagie na kuumwagilia mkilua wake wa maua uani, naye akipona atarudi. Amepona. Kila jioni anapanga kanga zake mkobani, na kila ukileta habari mpya ya njia anazitoa tena.

Unanijua mimi, kila jambo naliandika kwenye shajara yangu siku lilipotokea. Maneno yako sikuyaandika kwa kukushuku, niliyaandika kwa mazoea. Kwanza ulisema asipande ndege, kwa kuwa hewa ya juu itayaharibu macho yaliyopasuliwa. Nikasema sawa, tutakuja kwa basi. Ukasema basi haliendi, barabara ya kutoka Garsen imefungwa. Nikauliza treni hadi Mombasa, halafu tungoje hapo barabara ifunguliwe. Ukasema tiketi za treni zimekwisha na hazijulikani zitapatikana lini. Mwisho ukaniambia hata tukifika Mokowe hatutavuka, bahari imechafuka na boti zimefungwa kamba.

Hilo la boti ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. Athmani, kutoka Mokowe hadi kwetu ni mkondo wa ndani, umekingwa na mikoko huku na huku. Watoto wa shule huvuka. Wewe mwenyewe kazi yako ni kuvusha watu. Ulisahau unamwambia nani? Nilipomweleza Mama alinitazama, akasema, "Bahari imechafuka mkondoni? Basi na kisimani mwangu mna mawimbi." Nami sikukushtaki kwake, maana wewe ni mtoto wake wa mwisho.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jirani yangu hapa ni Mama Ciku, muuza mitumba, mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama wa ploti. Chama kiliamua mwaka huu wasinunue masufuria tena, waende kuona bahari. Akaja kwangu jioni na wenzake watatu.

"Mama Swabra, si wewe ni mtu wa Lamu? Tuambie vile watu huenda. Hatutaki kupakiwa kama magunia ya viazi."

"Kuna ndege kutoka Nairobi," nikasema.

"Ndege? Wewe! Mimi nikianguka, nianguke na kitu iko na magurudumu."

Wakacheka. Mimi nikawaambia ulivyoniambia wewe, kwamba hata magurudumu hayafiki kwa sasa, barabara imefungwa, na boti pia.

Mama Ciku akanikazia macho. "Imefungwa na nani? Ama hutaki tuone kwenu?"

Niliona aibu. Walinishuku mimi, kumbe mimi nilikuwa nabeba maneno ya mtu mwingine. Basi Jumamosi nilipopata mapumziko nikaenda Nairobi kuulizia mwenyewe. Katika ofisi ya mabasi yule karani alishangaa. "Ulisikia wapi imefungwa? Ya jana imefika. Mbele ya Garsen mnashuka, polisi wanaangalia vitambulisho, mnapanda, mnaenda." Lakini yeye anauza tiketi, ataniambia nini kingine? Nikatoka nje nikasubiri basi linaloingia. Akashuka mzee mwenye kapu la maembe na kofia ya kwetu, nikamsalimu nikamuuliza ametoka wapi. Akasema Mokowe. Nikamuuliza bahari ikoje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jua limechomoza.

Kwenye treni nilifanya vivyo hivyo. Tiketi zipo, si za siku hiyohiyo lakini zipo, na ukishuka Mombasa jioni unalala, asubuhi unapanda basi la Lamu. Hata hii barabara ya Garissa inayoanzia hapa Thika mbele ya macho yetu niliiulizia. Unakwenda hadi Garissa, unabadilisha gari, unashuka na mto kupitia Hola mpaka Garsen. Hiyo niliiacha kwa sababu ya kubadilisha magari na uzito wa mkoba wa Mama, lakini nayo ipo. Ikabaki ndege. Siku ya kliniki nikamuuliza daktari.

"Nani amekuambia hawezi kupanda ndege?"

"Ndugu yangu."

"Ni daktari?"

"Ni nahodha wa boti."

Daktari alicheka sana. Akasema muda wa kujihadhari umekwisha, apande anachotaka. Mama naye alicheka, ila kicheko chake kiliisha upesi.

Kwa hiyo nikajua njia ziko wazi zote. Kilichobaki ni kujua kwa nini wewe unazifunga. Nilifikiri mengi mabaya, sitayaandika. Nilifikiri labda unaumwa na hutaki tukuone. Hata hilo nililifikiri.

Jumapili iliyopita chama kilikutana nyumbani kwangu. Mama alikuwa pale kwenye kigoda akipukuchua njegere. Wale wanawake wanampenda, wanamwita Cucu kama wanavyowaita bibi zao. Mama Ciku akasema binti yake anayesoma Juja amewapatia nyumba ya kulala huko Shela, ameiona kwenye simu, na mwenye nyumba ni mtu mzuri, amewatumia maelezo ya njia kwa sauti. Wameshamlipa sehemu. "Sikieni wenyewe," akasema, akabonyeza.

Nakuandikia uliyoyasema, ingawa unayajua.

"Karibuni sana akina mama wa Thika! Mimi Kapteni Ato. Njia isiwape shida. Mkitaka ndege mtashuka Manda, mtanikuta hapo chini na boti. Mkitaka basi litawaleta hadi Mokowe, nitawafuata. Mkitaka treni, laleni Mombasa, asubuhi mpande basi. Njia zote wazi, na bahari imetulia kama maziwa kwenye kikombe. Nyumba ni ya kale, ya urithi wetu, na madafu yatawangoja, mtafurahi wenyewe."

Mama aliacha kupukuchua. Akamwomba Mama Ciku airudie. Ikarudiwa. Sauti yako, Athmani, na ule mkwaruzo wako mwanzo wa maneno ulionao tangu ulipougua surua.

"Urithi?" Mama akauliza. "Nani kafa?"

"Hakuna mtu amekufa, Cucu," Mama Ciku akamjibu. "Ni nyumba tu anaongelea. Ona, ni smati!"

Akampa simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaanza kupitia picha moja moja kama anayechambua mchele. Nikasimama nyuma yake. Niliona mlango wetu umepakwa mafuta. Niliona samadari yake aliyoolewa nayo, imewekewa chandarua cheupe na maua juu ya mto. Niliona zidaka za ukuta wa ukumbini, sahani zake zote hazimo, mna chupa zenye mchanga wa rangi. Picha ya uani ndiyo aliyoitazama kwa muda mrefu. Pale palipokuwa na mkilua sasa pana kiti cha kamba kinachoning'inia.

Nilidhani atalia, au atasema. Wanawake wote walikuwa wanamsubiri aisifu. Akamrudishia Mama Ciku simu yake, akarudi kwenye njegere.

"Nyumba nzuri," akasema. "Mwambieni huyo nahodha wageni wameongezeka wawili."

"Haiya! Hata Cucu anataka kuona bahari!"

"Nasikia inapendeza," Mama akasema.

Wakapiga makofi. Mpaka leo hawajui kitanda ni cha nani. Amenikataza kuwaambia, eti wasije wakaogopa kukilalia.

Sasa nina mambo ya kukuuliza, nawe uyajibu. Umepangisha au umeuza? Hilo ndilo linalonikosesha raha. Picha hazionyeshi hati. Mtu anayesema "urithi wetu" mama yake akiwa hai amekwisha kutembea mbali kwenye kichwa chake, na sijui amefikia wapi. Nimejiuliza kama kuna mtu amekuahidi kuinunua, yeyote wa wale wanaojenga maghorofa ufukweni, na hizi njia ulizotufungia ni za kusubiri afike. Nimejiuliza pia kama ulipangisha kwa nia njema, kwa ajili ya gharama za macho yake, ukaona haya kusema. Ningependa liwe hilo. Lakini kama ndilo, kwa nini ulimtisha kwa hewa ya juu? Alikaa siku kadhaa akiogopa kuinama hata kuswali. Ningekusamehe yote mengine kabla ya hilo.

Na uliposikia Thika, moyo haukukushtua? Labda ulidhani Thika ni kubwa.

Mimi nilitaka tuje kimya. Nilitaka tushuke botini mbele yako na mkoba wetu nikuone uso. Mama alikataa. Alisema, "Sitaki kumfumania mwanangu mbele za watu. Mwandikie, umpe nafasi arudishe vitu vyangu mahali pake." Kwa hiyo barua hii ni kwa hisani yake, si yangu. Tunakuja pamoja na wageni wako, tarehe ileile waliyokupa. Wao wamechagua basi, kwa sababu ya magurudumu. Sisi wawili tutafika siku hiyo, ila kwa njia gani sikwambii. Ulizifunga zote, basi zisubiri zote. Usiende kwa mnunuzi yeyote, usitie sahihi popote. Kama umeshatia, uwe na karatasi hizo mkononi tutakapofika, nizisome mwenyewe.

Bahasha hii kesho nitampa karani wa mizigo wa lile basi ulilosema haliendi. Ukiishika mkononi, utajua mwenyewe kama barabara imefungwa na kama mkondo hauvukiki.

Nisalimie Khadija mkeo, na umwambie simlaumu mpaka nitakapojua alijua nini. Msalimie mjomba Shee, fundi milango, ambaye nadhani ndiye aliyeupaka ule mlango mafuta, na kama ni yeye kazi ni safi lakini angeuliza. Msalimie shangazi Mwanahalima, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye ameona wageni wakiingia na kutoka muda wote huu, na kila tukimpigia anatuambia habari za paka. Mbusu mtoto, umwambie nyanya yake anamletea njugu za huku.

Nilikuwa nimefika hapa, nikitaka kutia sahihi. Mama amekaa ubavuni mwangu na anasoma ninavyoandika, maana siku hizi huwezi kumficha mstari. Anasema nimekuwa mkali, nikupunguzie. Nimekataa. Anasema basi nimwandikie na yeye maneno yake, bila kubadilisha.

Anasema sahani zioshwe kabla ya kurudishwa zidakani, hata kama zilikuwa safi. Anasema mkilua ukikatwa huchipua ukiachiwa shina, kwa hiyo uking'oe hicho kiti leo, uumwagilie maji. Anasema akina mama wa Thika ni watu wema na wamelipa kwa jasho lao, uwapokee vizuri kwa madafu kama ulivyowaahidi, na usiwavunje moyo.

Yeye dafu hataki. Anataka usimame kwenye ngazi za gatini umemshikia ufunguo.

Dada yako,
Rukia