Profesa Hajui Sauti Yangu

Shangazi Solveig mpendwa,

Theluji ya Minnesota bado haijayeyuka, na soksi ulizonifumia zinanifaa sana.

Nimeomba kuhamia kile chuo kidogo, ambako darasa zima huketi kuzunguka meza moja. Wanataka profesa wa hapa anipendekeze kwa barua, na mwisho wa kuipokea ni Ijumaa. Lakini hapa tunajaa mamia ukumbini, na tangu nimalize sekondari sijawahi kufungua kinywa darasani. Naona kama sipo.

Jana nilimwendea Profesa Okerlund.

“Binti, alama zako nzuri,” akasema, “ila wewe sikujui. Niwaandikie nini, kwamba unajua kunyamaza?”

Nikamwahidi, “Kesho nitauliza swali.”

“Haya, nitakusikiliza.”

Leo nilinyoosha mkono. Sauti ikakwama, na mtu nyuma akasema, “Kumbe huyu ana ulimi!” Ukumbi ukacheka. Nikaanza upya, nikauliza mpaka mwisho.

Profesa akachukua kalamu. “Jibu lake hata mimi silijui,” akasema. “Jina lako nani tena? Nataka niliandike sawasawa.”

Nikalitaja, Shangazi, hadi waliokaa nyuma wakalisikia.

Mpwa wako,
Maren