Kibali cha Wanawake wa Paris

Mpanda, Jumanne, 11 Februari 1997

Bado nawasikia wakicheka.

Nilikuwa nimewaka kama kawaida yangu. Niliwaeleza Kidato cha Tatu jinsi ukame na mvua ya mawe vilivyoharibu ngano ya Wafaransa, mkate ukapanda bei, wanawake wa Paris wakaenda kwa miguu hadi kwa mfalme kudai chakula. Nikawageukia: misitu yetu inakatwa kukaushia tumbaku, mvua imetukimbia, mahindi yamenyauka, na nyie mmekaa kimya!

Esperance, anayetoka makazi ya wakimbizi wa Burundi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wale mama walikuwa na kibali cha kutoka kwao?"

Darasa likalipuka. "Kibali cha kuandamana! Kimepigwa muhuri na mfalme!"

Yeye hakucheka. Juzi mama yake alikuja mjini kutafuta unga bila kibali, ambacho mkimbizi lazima awe nacho ili atoke makazini. Polisi walimkamata njiani, wakamrudisha na gunia tupu. Nyumbani wanakula maembe mabichi.

"Hawakuwa nacho," nilimjibu.

Akainama, akaliandika jibu hilo taratibu, kama litatoka kwenye mtihani.

Ijumaa anakwenda kwao. Mimi niliyetaka wote wasimame, naomba asimsomee mama yake jibu hilo, asije akatoka tena.