Bi Mkubwa Alikuwa Chini ya Wavu

Nyumbani, mabwawani
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Mpendwa mdogo wangu Bata,

Hujambo huko uliko? Kifua chako kinaendeleaje na baridi? Unakula vizuri, au ndiyo yale yale ya chai na mkate kutwa nzima? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua ila ulimi hauna maradhi, unamjua. Watoto wanakuulizia kila wakipita kwenye viatu vyako vya mpira pale mlangoni. Simu zangu hupokei, na wala sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimezunguka na salamu vya kutosha. Bata, Bi Mkubwa yupo. Yu hai.

Nimeandika hayo nikasimama, nikatoka nje, nikarudi. Aibu niliyo nayo sijui niiweke wapi.

Pampu ya bwawa kubwa iliungua juzi, ikabidi tupunguze maji ili tuifikie. Yalipobaki ya magotini, fundi pampu akaruka akipiga kelele, eti amekanyaga gogo na gogo limesogea. Nikamcheka. Kisha nikaona mgongo unakata tope, na zile sahani za mifupa zimejipanga mpaka mkiani, na chini ya pua sharubu tatu badala ya nne. Ni samaki gani mwingine wa stajeni hapa kwetu mwenye sharubu tatu? Nilikaa pale pale kwenye tope na suruali yangu nzuri, hadi fundi akadhani nimeugua.

Amekonda, maskini. Nani angemlisha, wakati mimi nilishamfuta kwenye daftari? Ameishi kwa minyoo ya tope. Tulimbeba kwenye turubai watu wanne hadi bwawa dogo, na njia nzima alikuwa ametoa ule mdomo wake wa chini kama anataka kunisema.

Ulinieleza siku ile ile tulipomtafuta, mdogo wangu. Nilikokota ule wavu wetu wa enzi tulipofuga perege, mwepesi, hauna hata mnyororo wa kuuzamisha. Perege hukimbia mbele ya wavu. Stajeni yeye maisha yake ni sakafuni, anapapasa kwa sharubu na kufyonza, maana meno hana. Wavu ukija, anajilaza tu, unampita juu. Nilivuta mara tatu ukampita mara tatu. Ukaniambia, "Kaka, anapita chini." Nami, mjuaji wa wajuaji, nikakujibu kuwa kilichopita chini ni mkono wako.

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu ulikuwa umenipinga. Mimi nilitaka akikomaa, kama ni jike, tumpasue tuuze mayai kwa bei kubwa, wewe ulitaka tumkamue tu, apone, tupate vifaranga. Basi alipokosekana nikajipa jibu mwenyewe: umemuuza mzima kwa wafugaji wengine ili nisimguse. Nikakuita mwizi mbele ya mama, mbele ya wafanyakazi, mbele ya baba mkwe wangu aliyekuja kututembelea tu, maskini wa watu. Hukubishana. Ulivua viatu vya mpira, ukavipanga mlangoni, ukaenda zako. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema umeona? Asiye na hatia asingenyamaza.

Jana nimewaita wote wale wale, kwenye ua ule ule. Nimesema kwa sauti, nimesimama, kwamba hukuiba na kwamba mimi ndiye niliyekuvunjia heshima. Baba mkwe akaniuliza, "Kwa hiyo mwizi alikuwa wavu?" Watu wakacheka mpaka kufuta machozi. Nimeumbuka, Bata, na ilinistahili. Shemeji yako ndiye peke yake ambaye hakucheka. Tangu jana ananiwekea chakula mezani, yeye anakwenda kula na watoto.

Daktari wa mifugo alikuja na ile mashine yake ya picha, akampitishia tumboni. Ana mayai, yamekaribia kabisa. Miaka yote hii tumebishana kama ni jike au dume kwa kuwa kwa macho hawatofautiki, kumbe uliyempa jina la kike hukukosea. Mnunuzi wa mayai ameshapata habari, sijui ni nani kampelekea, na amenipigia. Nimemwambia Bi Mkubwa hapasuliwi. Amekata simu kwa hasira.

Ila tafadhali usidhani nakuita kwa ajili ya mayai. Nimeliogopa hilo kuliko yote, ndiyo maana barua ya kwanza niliichana. Joto likiwahi kabla hujaja kumkamua, mayai yatayeyuka tumboni mwake na tutangoja tena miaka. Na iwe hivyo. Samaki atatengeneza mengine. Mimi nataka wewe ujue tu kwamba jina lako limesafishwa hapa, na aliyelichafua ni mimi, si mtu mwingine. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kuninyamazia, ni haki yako. Ukinitumia hata tusi moja nitalipokea kwa mikono miwili.

Watoto wanakusalimia sana, yule mdogo anasema umletee filimbi. Fundi pampu anakusalimia, anasema mguu wake hautasahau. Shemeji yako anasema viatu vyako amevisugua.

Mama nilimwomba salamu za kukutumia. Akasema hana. Zake atakupa mwenyewe kwa mdomo wake, maana mara ya mwisho maneno ya nyumba hii yalipopitia kwangu, yeye alipoteza mtoto.

Mungu akutunze kifua, akulainishie na moyo, hata kama si leo.

Nimebaki kaka yako, mwenye kukupenda na mwenye haya.