Kwa Ambrose Walubengo, Mwenye TV ya Watoto wa Mashimoni

Baba Nelima, mwaka mzima umepita tangu ulale pale kwa kiti chako ukakataa kuamka, na mimi bado nakumiminia chai. Baadaye naimwaga. Nikiinywa mwenyewe naona kama nimekuibia.

Nelima ananitaka kwake Kawangware. Anasema mama mzee hawezi kukaa peke yake Mashimoni akiongea na ukuta. Nikamwambia siongei na ukuta, naongea na babako. Hiyo ndiyo ilimfanya aharakishe. Jumamosi nahama, na kuna jambo la kuhama huku linanisumbua. Nitalifikia.

Wacha kwanza watu wajue ulikuwa nani. Kazi yako ilikuwa kushona viatu, lakini watoto walikujua kwa TV. Sisi wawili kule Bungoma tulifunzwa na redio, darasa zima kimya, sauti ikitoka Nairobi, na mimi nikidhani Nairobi ni jina la mwalimu. Labda ndiyo sababu ulipopata pesa hukununua kitanda. Ulinunua TV, ile isiyo na rangi, ya kuwashwa kwa betri ya gari. Nililala kwa mkeka, lakini kipindi cha shule hakikunipita.

Serikali ilipozima matangazo ya zamani ya TV, majirani walizifanya TV zao stendi za ndoo. Wewe ukaenda kutafuta king'amuzi cha kushika yale mapya. Halafu corona ikafunga shule, masomo yakaletwa kwa TV, na watoto wa ploti nzima wakaletwa kwetu. Walijaa kwa kitanda tulichonunua baadaye, chini, mlangoni. Wewe mwenye TV ulisimama nje ya dirisha kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Na uliwadanganya! "Mitchelle, kaa vizuri, huyo teacher anakuona." Wakaanza kuja na yunifomu, nywele zimechanwa, na shule zimefungwa. Mitchelle, yule mdogo wa jirani, akauliza, "Babu, na sisi tukienda, teacher anaona nani?" Ukanigeukia. Nikakwambia, "Basi lete kitambaa tuifunike, mimi sivui nguo mbele ya mwalimu wa hesabu." Ulicheka mpaka ukakaa kwa matope.

Siku hizi kila mtoto anasomea kwa simu, ya mama au ya dada. Lakini vipindi vya shule bado viko asubuhi. Mwalimu anauliza, "Tuko pamoja?" na humu ndani ni mimi na sufuria. Mitchelle amekuwa msichana mrefu. Akipita anasema, "Sasa shosho," macho kwa simu. Sisemi hanijali. Anajali, lakini haingii.

Nelima anasema kwake TV iko ukutani, yetu haina pa kukaa. Nimempa Valentine, yule mwalimu wa chekechea huko Kianda. Ameshukuru sana, akasema ataiwekea maua juu. Ungekuwepo ungemjibu.

Sasa lile jambo. Mwaka huu wote umekuwa ukinijia ndotoni, hapa hapa chumbani, unakaa ukingoni mwa kitanda unavua viatu. Kawangware utanipata aje? Kila tukienda kwa Nelima ulikuwa unapotea, na kuuliza njia hutaki, eti mwanaume hapotei, anazunguka. Pasta ameniambia marehemu hahitaji kuelekezwa. Pasta hakuwahi kutembea na wewe.

Nelima naye ameniona nikilipia tangazo hili, anasema marehemu hasomi gazeti. Lakini wewe ulisoma la kila mteja akingoja kiatu chake, na tabia kama hiyo haiishi. Kwa hivyo soma. Panda matatu, shukia stegi ya 46. Pita wauza mitumba mpaka kanisa la mabati ya bluu, hapo kunja kushoto, usiende moja kwa moja vile unapenda. Ni lango jeusi, ghorofa ya pili. Nimeomba kitanda changu kiwe karibu na mlango. Nelima akauliza mbona, nikamwambia ni hewa.

Unakumbukwa na mimi mkeo Nanyama, binti yetu Nelima na mumewe Shivachi, mjukuu wako Joan, ndugu yako Wanzala kule Bungoma, na watoto wote wa ploti ambao sasa wana ndevu. Hatujakusahau, na hatuna mpango huo.

Ukipotea, tafadhali, mara hii moja tu, uliza.