Talaka ya Barabara ya Ruai

Makadara, Nairobi
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Muhiba,

Nakushika miguu yote miwili, ule mzima na ule wa baridi yabisi. Natumai kifua kimepungua na kwamba jirani yako amemfunga yule mbuzi wake anayekula kanga za watu. Sisi huku hatujambo. Mvua imekatika, maji ya mfereji yanakuja siku yanayopenda yenyewe, na mjukuu wetu Aqsa anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu hunikatiza kabla sijamaliza salamu. Hapa utanisoma mpaka mwisho upende usipende.

Habari kubwa ni kwamba juzi Jumamosi nilikimbia kilomita thelathini, kutoka Kayole hadi Ruai na kurudi, nikawaacha nyuma vijana wote na kufika wa kwanza. Unaweza kuwatangazia wanawake wa hapo Kisauni kwamba mdogo wako ana miaka sitini na sita na mapafu ya farasi.

Basi usiwatangazie. Nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu ya kuokota walioshindwa, na dereva wake alikuwa anapiga miayo kwa ule mwendo wangu. Lakini nilimaliza, tena kwa miguu yangu. Hilo ni kweli, na ushahidi uko kwenye kucha zangu mbili ambazo zimegeuka rangi ya zambarau.

Sasa nikueleze mzee kama mimi alikuwa anatafuta nini kule, maana najua umeshika kichwa. Mwaka jana Aqsa alijiunga na kikundi cha mbio cha Kayole, akasema anataka kukimbia marathoni ya mjini mwezi wa kumi, ile yenyewe ndefu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mavazi yake usiyawazie. Anavaa suruali ndefu na mtandio unaobana kichwa, ukimwona utadhani anakwenda darasani kwa haraka. Mimi sikuwa na neno na mbio. Nilikuwa na neno na wakimbiaji. Nilikwenda siku moja kuchungulia, nikakuta vijana wa kiume tele, warefu, wenye meno yao yote, na kila mmoja yuko tayari kumwonyesha jinsi ya kunyoosha misuli. Wiki iliyofuata nikanunua raba pale Gikomba nikajiandikisha.

Wewe unajua ninachoogopa, ndiyo maana kila ukipiga simu unaniuliza kama kuna mtu amekuja kuposa. Tangu mwanangu Abrar, babake Aqsa, atutoke, mtoto huyu wake ndiye aliyebaki nami nyumbani. Walii wake ni mimi. Bila mimi kusema ndiyo hakuna nikaha, na mimi sikuwa na haraka ya kusema ndiyo. Yule mwalimu wa Buruburu nilimwambia kwamba Aqsa anakoroma. Yule wa duka la simu nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayekoroma na kwamba tutahamia kwake pamoja. Wote hawakurudi. Nyumba ya vyumba viwili ikiwa na mtu mmoja ni kubwa mno, dada, na wewe unayeishi na wajukuu saba huwezi kulijua hilo.

Unajua vilevile utani wetu sisi, kwamba mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Aqsa namwita mke wangu tangu ananyonya. Namsuta mbele za watu kwamba chapati zake zinaweza kuziba pancha, naye anawaambia majirani kwamba amechoka na mume kibogoyo, anataka talaka. Watu wa Makadara wamezoea. Basi siku yangu ya kwanza pale kikundini nikasimama mbele ya wote, nikawaambia kwamba huyu binti ni mke wangu, mwenye macho ayashushe. Wakacheka wote. Kocha wao, Nyamai, ni Mkamba, na kwao pia utani huo upo, akanipa mkono akanipongeza kwa kuoa vizuri.

Mmoja tu hakucheka. Kijana anaitwa Nuh, wa Eastleigh, babake anauza vitambaa kwa jumla. Wazazi wake walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, na kwao babu ni babu, hakuna mchezo huo. Alipolisikia neno langu aliinamisha kichwa, akaniamkia kwa heshima na kuniita shehe. Tangu siku ile akawa hamkaribii Aqsa. Nikajua huyu amemeza ndoano na kamba yake. Dada, nitakudanganya nikisema sikufurahi. Kila Jumamosi nikawa namwongezea chumvi. Mara nimwambie kwamba mke wangu ana wivu. Mara nimwombe ushauri, nioe wa pili au nivumilie. Naye anasikiliza, anatazama raba zake, ananijibu polepole kwamba subira ni njema, shehe.

Ikafika juzi. Nyamai alikuwa amesema wazi kwamba hii ya kwenda Ruai ndiyo mbio ndefu ya mwisho ya mazoezi, na atakayepanda pikapu asahau marathoni, kikundi hakitampeleka. Aqsa usiku huo hakula vizuri. Mimi nilikula fungu lake.

Tulianza baada ya alfajiri, pale Spine Road, wachuuzi wa mandazi wakiwa ndio kwanza wanawasha majiko. Aqsa alikwenda na kundi la mbele, na Nuh alikuwa hatua chache nyuma yake, ile adabu yake ya siku zote. Mimi nilikuwa na mwendo wangu. Kuna wakati nakimbia, kuna wakati natembea, kuna wakati nasimama kumsifu mwenye mbwa mzuri. Tulipoingia Kangundo Road malori ya kokoto yakawa yanatupita na kutumwagia vumbi, na kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza, niaje mzee, unakimbia nani. Nikamwambia nakimbia mke.

Wenzangu nilipishana nao wakiwa wamekwisha kugeuka Ruai, wanarudi, nami bado nakwenda. Aqsa alinipungia mkono bila kupunguza mwendo. Uso ulikuwa unameta jasho na alikuwa anatabasamu peke yake. Nuh alikuwa ubavuni mwake, si nyuma tena. Hapohapo mguu wangu wa kushoto ukakamata. Nikashika paja, nikaketi ukingoni mwa barabara, nikaguna mguno wa mtu anayezaliwa upya.

Aqsa alitaka kurudi. Nikampigia kelele aende zake, asipoteze nafasi yake kwa ajili ya mguu wa mzee. Aliyerudi ni Nuh. Alinikanda ule mguu, akanipa chumvi nilambe, akaniinua, akageuka nami tena kuelekea Ruai. Ile njia aliyokwisha kuimaliza aliirudia kwa miguu kwa ajili yangu, na haraka hakuonyesha hata mara moja. Kundi la mbele likapotea. Pikapu ikawa inanguruma nyuma yetu kama ng'ombe anayedai kukamuliwa.

Karibu na kilomita ya ishirini na tano kulikuwa na meza ya maji, na msichana mmoja wa kikundi, Winny, alikuwa anagawa ndizi. Nyamai naye alikuwepo juu ya pikipiki. Akaniambia nipande pikapu, mzee, umefanya ya kutosha. Nikakataa. Ndipo Nuh akasema yeye atatembea nami mpaka mwisho, lakini ana ombi. Akasema, kwa ile sauti yake ya msikitini, kwamba amenihurumia siku nyingi, mtu wa umri wangu kuwa na mke mwenye miguu kama ile, na kwamba ingekuwa vyema nimwache binti wa watu apate wa rika lake. Winny akageuka pembeni. Mimi nikaona huu ni utamu wa kusimulia mpaka kaburini. Nikainua ndizi yangu juu, nikasema mbele ya Nyamai na Winny kwamba, haya, leo nimemwacha, mwenye kumtaka amchukue, na mimi ndiye nitakayemwozesha.

Nuh akapitisha mkono chini ya kwapa langu, tukaanza kutembea. Akasema, ahsante, babu.

Hakuwahi kuniita babu. Nikamuuliza shehe ameishia wapi. Akanieleza bila kujivuna. Aqsa alimwambia kila kitu wiki ileile ya kwanza, na siku ile aliinamisha kichwa ili nisimwone anacheka. Kwa mwaka mzima wamekuwa wananingoja nitoe neno, maana Aqsa alimwambia kwamba babu ukimjia na posa atakufukuza kwa mzaha, na mwenye kufukuza kwa mzaha hunaswa kwa mzaha. Akanikumbusha pia yale ambayo kila mtoto hufundishwa na maalimu chuo cha Kurani, kwamba mambo ya ndoa hata ukiyasema kwa masihara yanahesabiwa. Nikamwambia Nyamai na Winny ni watu wa kanisa, ushahidi wao haunifungi. Akasema anajua, babu, hakuna kinachokufunga. Akaendelea kunishikilia.

Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kuoga na kula. Aqsa alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameshika chupa ya maji. Amepita, atakwenda marathoni. Nilimwona kabla hajajua kwamba nimemwona, na macho yake hayakuanza kwangu, dada. Yalianza kwa aliyenishika. Yalipofika kwangu yalikuwa na furaha bado, lakini nilikuwa wa pili.

Sasa lile ninalotaka ulijue wewe peke yako. Mguu haukunikamata. Ulikuwa mzima na mpaka leo ni mzima. Nilipowaona wale wawili wanakimbia ubavu kwa ubavu nilitaka mmoja abaki nyuma, ndipo nikaketi. Nilidhani Aqsa akifika peke yake, hadithi ya siku ile atarudi nayo kwangu. Kumbe nilimpa kijana nafasi ya kunionyesha yeye ni mtu wa aina gani, na jawabu lake siwezi kulitia kasoro. Hakuna ajuaye. Bado nachechemea hapa nyumbani kulinda heshima, ila jana nilisahau nikachechemea mguu wa kulia, Aqsa akautazama mguu wa kulia, kisha wa kushoto.

Wazee wa Nuh wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Nimekwisha kusema ndiyo, na mara hii sikutania. Njoo, tafadhali, maana watakuja na wanawake wao, na mimi nikiachiwa kuwapokea nitasema jambo. Baada ya arusi watakaa Eastleigh, karibu na wazazi wake. Marathoni tutakimbia wote watatu. Nyamai ananishauri ile fupi, nami namshauri anyamaze.

Nisalimie wajukuu wote saba, na yule mbuzi. Mola akupe afya, na magoti.

La mwisho. Mwaka jana nilishinda juu ya paa lako siku nzima nikiziba bati linalovuja, ukaniahidi achari ya maembe. Sijaiona. Ukija, nibebee. Usihangaike na ile chupa kubwa, kwa mlaji mmoja ndogo itatosha.

Ndimi mdogo wako,
Idarusi