Msiiwashe Kabla Sijafika

Mwanangu Kemilembe,

Hapa Bilele mvua haijakatika tangu asubuhi, na kwa kuwa siwezi kutoka, nimekaa nikueleze habari za Sostenes. Unamkumbuka, yule opereta wa ekskaveta mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, aliyekuwa akikupa shikamoo ingawa anakuzidi umri. Ulimwambia aache, akajibu, "Naiamkia kazi yako, fundi."

Tangu tukuzike, watu wa mitambo kule Muleba wakikwama hunipigia simu mimi. Wanasema mwalimu wako bado yupo. Ni kweli nilikufundisha umeme darasani, lakini injini za mitambo hiyo mikubwa ulizifuata mwenyewe, ukarudi ukanifundisha mimi, mzee mstaafu, bila kunifanya nijione mjinga. Sijui kama niliwahi kukushukuru.

Basi. Sostenes alikuwa akichimba ukingo wa barabara, skrini ikaonyesha kwamba injini inachemsha, na mtambo ukajipunguzia nguvu kama ulivyoundwa kufanya. Wakabadilisha sensa, kile kifaa kidogo kinachopima joto la maji. Skrini ikasema yaleyale. Msimamizi akakata shauri kwamba sensa mbili haziwezi kukosea namna moja: Sostenes ameendesha bila maji, ameunguza injini, na afungashe vitu vyake. Sostenes akanipigia simu. "Mzee, maji nayaangalia kila siku kabla sijaonja hata chai. Nikiondoka na jina hili, nani atanipa mtambo tena?"

Nikawaambia maneno yako: "Msiiwashe kabla sijafika."

Zamani niliyadhania kuwa ni maringo ya fundi anayetaka kupokewa. Ndipo ukanieleza, nami naeleza tena kwa kuwa unanijua, siwezi kupita jambo bila kulieleza. Injini iliyolala usiku kucha hupoa yote. Maji, mafuta na hewa inayoingia huwa na joto linalokaribiana, na kila sensa inapaswa kukiri hivyo. Inayosema vingine wakati injini bado imelala, hapo ndipo pa kuanzia. Ukishawasha, kila kimoja kinapanda kwa mwendo wake na ushahidi unapotea.

Nilipofika, mtambo ulikuwa unanguruma. Sostenes alikuwa ameuwasha kwa heshima, ili mzee asisimame kwenye baridi akingoja. Hata ngazi alikuwa ameifuta. Ushahidi pekee wa kumwokoa, ameuchoma kwa mkono wake kwa sababu ya adabu.

Nilitaka kufoka. Nikakumbuka siku ile Kaagya, mwenye greda, alipokufanyia vivyo hivyo. Ulicheka, ukafungua kitambaa chako cha kahawa ya kutafuna, ukamgawia, ukasema, "Mmeikaribisha vizuri mno. Sasa tuiache ilale." Nami nikafungua kitambaa changu. Msimamizi akaniuliza, "Mzee, umekuja kutengeneza au umekuja kutembea?" Nikamwekea kahawa kiganjani. Akatafuna akiwa amenuna, lakini akakubali tusubiri hadi kesho.

Asubuhi iliyofuata tulifungua swichi tu, injini ikiwa imelala. Mafuta na hewa vilikubaliana. Maji yakasomeka moto, kama ya mtambo uliofanya kazi kutwa. Nikamwomba msimamizi aweke mkono kwenye injini. Ilikuwa baridi kama chungu kilichokesha nje. Aliuacha mkono pale kwa muda, akitazama skrini.

Kisha nikafanya jambo lako la pili. "Sensa haijui joto, Mwalimu," ulikuwa ukisema, "inajua umeme tu. Joto tunalisema sisi." Nikachomoa plagi ya sensa. Waya ukiwa mzima, usomaji lazima uanguke hadi chini kabisa, kwa sababu hakuna tena wa kuupa habari. Wetu ulishuka kidogo, ukasimama. Kwa hiyo umeme ulikuwa unavuja njiani. Tuliufuata waya ule, mimi nikielekeza, Sostenes akipapasa kwa vidole vyake vinene, mpaka nyuma ya kipande cha chuma ambako ulisuguliwa hadi ganda likaisha. Tope bichi lilikuwa limeugandisha na chuma. Tukaukausha, tukauziba, tukaufunga mbali na pale. Tuliporudisha plagi, maji yakasomeka sawa na wenzake.

Msimamizi hakuomba radhi. Alisema mbele ya wote, "Panda, bwana. Injini yako nzima." Sostenes akashika ngazi na hakupanda. Alisimama vile, ametuonyesha mgongo.

Nami nikageuka nikuambie.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mwanangu. Nilitaka uone. Nilitaka unitanie kwamba mwanafunzi wako mzee amefaulu. Nyuma yangu kulikuwa na migomba ya watu na mvua inayokuja.

Mama yako ni mzima. Hupalilia mwenyewe pale ulipolala, na hataki msaada. Vifaa vyako ninavyo mimi, na kila nikimwelekeza mtu kazi hii, naanza na yale maneno yako na kusema ni ya nani. Nakuahidi nitafanya hivyo maadamu sauti ninayo. Magoti sikuahidi, unayajua.

Leo asubuhi Sostenes kanipigia tena, safari hii kwa ajili ya mtambo wa mwenzake. Hakuanza na salamu. Alisema, "Mzee, haijawashwa. Nimekaa mlangoni, hakuna atakayeigusa."

Lala salama, Kemilembe. Mvua ikikatika, naondoka.

Mwalimu wako