Wimbo wa Protase

Jumanne, 2 Septemba 2025

Datius amekataa! Zimebaki siku kumi na nane tuzindue albamu yake, naye amekataa. Nyimbo nane sawa, wa tisa hautoki. Na huo wa tisa ndio wimbo wenyewe!

Tuliurekodi akiwa bado mfungwa, kwenye kikanisa cha gereza, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Enanga, kinanda cha nyuzi cha Kihaya, aliichonga mwenyewe kwenye karakana ya gereza, nyuzi zake mshipi wa kuvulia samaki. Wiki nzima ilifungiwa kabatini kwa afande, Jumapili inatolewa. Kwa Jumapili hizo tu akawafundisha wenzake kumi na wawili kuimba. Miaka sita naendesha lebo hii ya muziki wa wafungwa na waliotoka, na sijasikia sauti kama ile.

Nimemuuliza kwa nini. Wimbo unamtaja Protase, jirani ambaye Datius alimuua kwa mpini wa jembe wakigombea mpaka wa kibanja cha migomba. Mama yake Protase yuko hai, kulekule kijijini kwao, Kishanda.

“Dada Salma, siwezi kumwacha mama wa watu akutane na jina la mwanawe redioni. Alisikie kwangu kwanza. Akikataa, tunaufuta.”

Tunaufuta! Nilikasirika, niandike ukweli. Nikamwambia adhabu yake ameshaimaliza, miaka tisa. Nikaona aibu papo hapo.

Jumatano, 3 Septemba 2025

Hafidhi, fundi wetu wa sauti, ana wazo: tulikate jina, wimbo ubaki. Tukalikata. Tukasikiliza, pengo likasikika kuliko jina.

Hafidhi mwenyewe akalirudisha.

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Mchungaji Mwijage wa Kishanda amepiga simu. Amefikisha ombi letu kwa Ma Kokubanza, mama wa marehemu. Jibu: aje, ila aje mchana, watu wamwone.

Nikauliza, na wadogo zake Protase je? Mchungaji akasema tumwombe Mungu. Si jibu hilo!

Nilipomwambia Datius, alikaa chini palepale mlangoni pa studio yetu hapa Bukoba. Halafu akaomba sabuni, afue shati.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naandikia Kishanda, kwenye benchi nje ya nyumba ya Ma Kokubanza.

Tumefika saa tano. Majirani wamejaa hadi barabarani. Wadogo wawili wa Protase mlangoni, wamekunja mikono, salamu hawaitikii. Nilitaka nitangulie mimi, nieleze. Datius akakataa. Akaenda peke yake hadi katikati ya ua, akapiga magoti, enanga ubavuni, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

“Waitu mama, nimekuja.”

Mdogo mmoja wa marehemu akamfuata kwa hasira. Mama akainua mkono — kijana akasimama. Datius hakurudi nyuma hata kidogo. Hakujikinga.

Nilidhani ujasiri naujua. Kazi yangu ni kukaa na watu waliopita mahali pagumu. Lakini huu! Mtu angeweza kukaa zake Bukoba, apigiwe makofi.

Hakujitetea. Hakutaja mpaka, wala nani alianza. Alisema alichofanya, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Kisha akaomba ruhusa ya kuimba. Ma Kokubanza akamjibu kwa Kihaya, polepole: usiniimbie mimi, mimi siye uliyemuua. Kamwimbie mwenyewe.

Wamekwenda kaburini, nyuma ya migomba. Mama mbele, Datius akifuata, wale ndugu wawili nyuma yake. Sisi tumeambiwa tubaki. Mchungaji kafumba macho. Hafidhi alitoa kinasa sauti. Nikamwambia akirudishe kwenye begi. Akakirudisha.

Enanga imeanza.

Anaimba. Sauti ileile, lakini nyembamba, inakwaruza. Amefika kwenye jina —

Sauti imekatika.

Mama anasema kitu. Kwa ukali, au analia? Sisikii vizuri. Sasa mwanamume anasema, mmoja wa wale ndugu. Kimya tena. Nimesimama, nimekaa.

Nyuzi.

Ameanza upya, toka mwanzo.